Swali ambalo ukijibu umekosa, usipojibu umekosa

Binti wa Kibosho (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la juzi ambalo halijanitoka moyoni, naomba mnivumilie kwa urefu.

Mama yangu ana miaka 71. Juzi aliteremka kutoka Kibosho kuja Moshi mjini kufuatilia karatasi yake kwenye ofisi moja, sitaitaja. Nilimwingiza ndani, nikatoka nje kidogo kupokea simu. Niliporudi nikamkuta ameshafika dirishani, anauliza kwa ile sauti yake ya taratibu: "Samahani mwanangu, hapa ndipo pa kulipia?"

Kijana aliyekuwa ndani hakuinua hata uso. "Kwani hapo juu pameandikwaje?"

Mama akatazama juu. Maandishi yapo. Lakini mama ana mtoto wa jicho, na hata macho yangekuwa mazima, shule yenyewe alisoma madarasa machache. Akanyamaza. Nyuma yake watu wakacheka. Kijana akaongeza: "Si nakuuliza, mama?" Mama akasema, "Sioni vizuri, baba." Naye: "Sasa kama huoni umekuja na nani?"

Nilisogea, nikalipa, tukaondoka. Kwenye daladala mama hakusema neno mpaka tulipoanza kupanda mlima, na alipofungua mdomo alizungumzia mvua.

Sasa kilichonikosesha usingizi ni hiki. Yule kijana hakutukana. Hata "mama" alimwita. Ningemfuata mkubwa wake ningesema nini? Kwamba amemuuliza mama yangu maswali matatu? Ukiyaandika kwenye karatasi ni maswali ya kawaida kabisa. Lakini mimi nilikuwepo, na ninawaambia mama yangu alipigwa mara tatu mbele za watu.

Nikaanza kufikiri. Sisi tumejaa maswali yasiyohitaji jibu, na mengi ni matamu. Jirani ananikuta na beseni na sabuni, nguo zimelowekwa, anauliza: "Ndo unafua?" Anaona wazi kwamba nafua. Maana yake nimekuona, nimekujali. Mtu hujaonana naye miezi anakuuliza "Za kupotea?" Ni lawama ile, ila imefungwa kwenye kitambaa laini, na unacheka. Kwa hiyo swali kutotaka jibu si kosa.

Nadhani kosa liko mahali pengine. Kumbukeni tulivyokuwa wadogo. Sahani imevunjika. "Hiki ni nini?" Unajibu: "Sahani." Kofi. "Unanijibu?" Siku nyingine umejifunza, unanyamaza. "Si naongea na wewe? Umekuwa bubu?" Ukijibu umekosa, usipojibu umekosa. Swali limewekwa kama mtego wa panya, pande zote zinabana. Mama yangu juzi, na miaka yake 71, aliwekwa kwenye mtego huo huo, akawa mtoto aliyevunja sahani.

Ninyi mnaonaje? Mpaka uko wapi?

---

Dereva wa Pasua

Dada pole sana, na mama mpe pole. Huyo kijana alikosa adabu, sina la kumtetea.

Ila niseme kitu, maana najua uzi huu utaishia kwenye "watu wa Moshi hawajui Kiswahili cha heshima". Tumechoka na hayo. Sisi hapa "kwani" ni neno la kila siku. Nikiwa barabarani namwambia abiria "kwani unashuka wapi?" nataka kujua anashuka wapi, basi. Mgeni kutoka Dar anasikia kama nimemwambia anajisumbua. Na dukani mtu anasema "Mangi, nipe sukari robo" hakuna aliyekasirika. Kwa wasiojua, mangi ni chifu. Ukishamwita mtu chifu, umeshaweka heshima yote mbele, "nipe" inayofuata haina uzito. Msihesabu "naomba" ngapi mtu kasema. Sikilizeni sauti, na mtazame kama kakutazama.

Hapo kwenye kutazama ndipo nakubaliana na mleta uzi. Yule hakuinua uso.

---

Mtanga wa Njiro

Mimi ni wa Tanga, Arusha nina mwaka wa 9. Miezi ya kwanza nililia kweli. Napiga simu kwa mtu, anapokea: "Sema!" Kwetu unasikia "nani mwenzangu?" Maneno mawili tu, lakini ndani yake kuna kwamba hata kabla sijakujua, wewe ni mwenzangu. Naingia dukani Ngarenaro, muuzaji: "Unataka nini?" Nilidhani nimemkosea. Siku moja nikamuuliza yule yule muuzaji mbona ananisemesha hivyo, akashangaa kwa dhati, akasema: "Dada, si ndiyo nakukaribisha?" Tangu hapo tukawa marafiki, na mwanangu anamwita mjomba.

Lakini niwe mkweli kuhusu kwetu pia. Pwani tunasifiwa ulaini, ila swali la kejeli tumelinoa kuliko mtu yeyote. Mgeni wa bara akiingia kwa mama lishe akasema "nipe chai", anaweza kujibiwa "kwani uliniwekea?" Wanawake wenzangu wanaijua hiyo. Tunamfundisha mtu adabu kwa kumvunjia adabu. Mimi nimeacha.

Na swali lisilo na jibu si lazima liumize. Katika Surat Ar-Rahman swali moja linarudi mara 31, kwamba ni ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha. Tangu nikiwa madrasa nikilisikia nahisi moyo unafunguka. Linaniachia nafasi ya kusema "hakuna hata moja". Labda ndiyo tofauti: lile linanipa jibu zuri la kusema kimoyomoyo. La yule kijana halikumpa mama jibu lolote analoweza kulitamka bila aibu.

---

Chalii wa Sakina

Bosi wangu wa zamani, gereji moja hivi: "Kwani unalipwa kwa kusimama?" Ukimjibu "hapana bosi" amekasirika, ukikaa kimya amekasirika zaidi. Nilikuwa nashika spana yoyote iliyo karibu hata kama haina kazi. Mleta uzi umeandika maisha yangu.

---

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, nami nimeguswa. Naomba nichangie kidogo upande wa lugha.

Mbinu hii kwenye vitabu vyetu vya Tanzania inaitwa tashtiti: kuuliza jambo ambalo jibu lake linajulikana. Wenzetu Wakenya huliita swali la balagha, nao tashtiti wanaitumia kwa maana ya kejeli. Sioni kama ni bahati mbaya. Balagha kwa Kiarabu ni ufasaha, uhodari wa kusema. Kwa hiyo katika jina moja unaona ufasaha, katika jingine unaona mwiba. Darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi tashtiti hupamba shairi. Sikuwahi kuwaambia kwamba hiyo hiyo huweza kumpigisha mtu magoti.

Tazameni pia vineno vyetu. "Kwa nini hukuja?" inaweza kuwa swali la kutaka sababu. "Mbona hukuja?" tayari ina mshangao na lawama ndani yake: nilikutarajia. "Kwani hukuja?" inasema nilichokuwa nadhani sasa nimeanza kukitilia shaka. "Si ulikuja?" inataka ukubali tu. Sababu ya mtu kutokuja ni ile ile, lakini umebadilisha neno moja ukabadilisha mahali alipokaa mwenzako: kiti cha mgeni, au kizimba cha mshtakiwa. Na "tafadhali", ambayo wageni hufundishwa kama neno la adabu kuliko yote, mtaani mara nyingi huisikia mtu akishakasirika: "Tafadhali bwana, niache!" Adabu yetu haikai kwenye neno moja. Iko kwenye "naomba", kwenye "samahani", kwenye kumwita mtu mama au kaka, na kwenye ule muda unaotoa kwa salamu kabla ya shida yako.

Hata salamu zenyewe ni maswali. Hujambo ni kukanusha: huna jambo? Nawe unajibu sijambo hata kama jambo unalo, kisha ndipo unalitoa polepole: "Sijambo, ila mguu unanisumbua." Lugha imekupa kwanza jibu la heshima, halafu imekuachia mlango wa kusema ukweli. Mtanga wa Njiro ameligusa hili vizuri.

Wataalamu wa nje wamelifanyia kazi. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kazi yao iliyochapishwa upya mwaka 1987, walieleza adabu kama kulinda uso wa mwenzako: haja yake ya kuheshimiwa na haja yake ya kutobanwa. Nilipoisoma nilifurahi, maana wahenga wetu walishasema uso umeumbwa na haya. Pale dirishani uso wa mama ulibanwa na ukavunjiwa heshima kwa pamoja, na mbele ya foleni. Idadi ya watu wanaosikia ni sehemu ya kosa. Swali lile lile wakiwa wawili chumbani lingepungua nusu ya uzito.

---

Mgumu wa Marangu

Shikamoo mwalimu, na wengine wote salamu.

Mimi nabeba mizigo Kilimanjaro, ndio sisi tunaoitwa wagumu. Haya ya maswali yalinipa shida sana nilipoanza, maana wageni wakitaka kitu hawasemi, wanauliza. "Je, unaweza kunipa maji?" Mimi nasema ndiyo, naweza, halafu nimesimama nasubiri aombe. Yeye anasubiri maji. Tunatazamana. Na mimi nikitaka kumsaidia namwambia kwa Kiingereza changu, "Nipe begi." Mgeni mmoja mama wa makamo alirudi nyuma hatua nzima, akadhani namnyang'anya. Kiongozi wetu ndiye aliyenifundisha: kwao amri tupu ni ukali, hata kama ni ya wema, kwa hiyo wanaifunika kwa swali. Kwetu ni kinyume, "lete begi, mama" ni huruma, na swali ndilo linaloweza kuwa na miiba.

Jingine. Tulikuwa kati ya Mandara na Horombo, vituo vya kulala huko mlimani, mgeni mmoja anayejifunza Kiswahili kachoka, ananiuliza: "Bado hatujafika?" Nikamjibu kwa upole, "Ndiyo." Kwetu ndiyo ile inakubali alichosema, kwamba hatujafika. Akatupa begi chini, akakaa, akaanza kuvua viatu. Horombo iko mita 3,720 na tulikuwa na karibu saa mbili mbele. Nilipomweleza alikasirika akidhani nimemdhihaki. Siku hiyo sikudhihaki mtu. Nilijibu nilivyoulizwa.

Kwa hiyo mimi nasema kabla ya kumhukumu mtu kwa swali, uliza kama mnasemeshana lugha moja. Yule kijana na mama walikuwa wanaongea lugha moja, hana kisingizio.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Mwanafalsafa wa Marekani John Searle aliandika mwaka 1975 juu ya maombi hayo yanayovaa sura ya swali, na mfano wake unaotajwa sana ni wa mtu aliye mezani anayeuliza kama unaweza kumfikishia chumvi. Wewe umeufikia mfano huo mlimani na begi mgongoni. Nimeupenda kuliko wa chumvi.

---

Nesi wa Zamu

Nimesoma kimya tangu jana, nikaona nisipoandika nitakuwa mnafiki. Mimi niko upande wa ndani wa dirisha. Sitasema ni kituo gani, ni hapa hapa mkoani.

Mtu mmoja kwenye foleni anauliza mara moja. Mimi naulizwa swali lile lile tangu saa moja asubuhi. Kufika saa nane mchana mdomo unajisemea wenyewe. "Huoni tangazo?" "Nimeshasema, hamsikii?" Sijitetei, naeleza linatoka wapi. Linatoka kwenye uchovu, na linatoka kwa sababu sisi nasi tulivyofundishwa kazi tuliulizwa hivyo hivyo mbele ya wagonjwa: "Hivi wewe ulisoma kweli?"

Swali langu baya kuliko yote lilikuwa hili: "Ulikuwa wapi siku zote?" Tunamwambia mama mjamzito anayekuja kliniki mara ya kwanza akiwa na miezi 7. Anatakiwa aanze kabla ya wiki 12, na sisi tunajua hatari zake, ndiyo maana tunakasirika. Tunamwambia pia mwenye kidonda kilichooza. Kwa miaka nilidhani nawahimiza watu wawahi. Jibu nililopata miaka yote hiyo ni moja: mtu anatazama sakafu.

Siku moja alikuja binti mdogo kutoka juu huko, mimba kubwa, nikamrushia swali langu kama kawaida. Akanijibu. Hakujua kwamba halijibiwi. Akasema: "Nilikuja mwezi wa 3, mkaniambia nirudi na mwenza wangu, na mwenza wangu hayupo." Akasema kwa heshima tu, kama mtu aliyeulizwa. Nilikosa pa kuangalia. Sisi ndio tuliomrudisha.

Tangu siku hiyo nauliza "Ilikuwaje mpaka leo?" halafu nafunga mdomo. Ni hilo tu, nafunga mdomo na kusubiri. Nimesikia mambo ambayo hayakuwahi kuandikwa kwenye kadi: nauli, mume aliyeficha kadi, mama mkwe, kuogopa sisi wenyewe. Kuogopa sisi ndilo linalojirudia sana. Dawa nyingi nimewapa watu bila kujua wanaumwa nini hasa, kwa sababu nilikuwa nauliza bila kuuliza.

Mleta uzi, mwambie mama kuna mtu wa ndani ya dirisha anaomba radhi.

---

Dereva wa Pasua

Nesi umeniumiza na umenitibu. Nimekumbuka jana kuna mzee alichelewa kushuka, nikamwambia "mzee unasubiri nini, chai?" Abiria walicheka. Mimi niliona ni utani wa barabarani. Sasa naiona sura yake.

Narudi kwenye hoja yangu: mleta uzi aliuliza mpaka uko wapi. Mtu wa rika langu akinirushia "kwani gari la baba yako?" namrushia nyingine, tunacheka, tunaendelea. Ule ni mchezo, kila mmoja ana mpira. Yule mzee hakuwa na mpira, alikuwa anashuka ngazi ameshika fimbo. Mpaka naona uko hapo.

---

Mtanga wa Njiro

Hapo hapo, kaka. Ndiyo maana "Mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?" ya Kaini inatisha. Kaulizwa swali la kweli, yuko wapi ndugu yako, akaligeuza kuwa tashtiti ili asijibu. Mkubwa akiuliza tashtiti anamfunga mdogo mdomo. Mwenye kosa akiuliza tashtiti anakimbia.

---

Binti wa Kibosho (mleta uzi)

Asanteni wote. Nimesoma kila mchango, wa nesi nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiusoma kwa sauti kwa mama. Alisikiliza mpaka mwisho akasema: "Huyo ni mtu. Mwambie nimepokea." Nikamuuliza kuhusu yule kijana, kama angependa nirudi pale nikaongee na mkubwa wake. Akakataa. Akasema kilichomuuma si maneno ya kijana, ni wale waliocheka, kwa sababu mmoja wao anamfahamu, wanasali pamoja. Hilo sikulijua. Mwalimu uliposema idadi ya wanaosikia ni sehemu ya kosa ulikuwa unamzungumzia mama yangu bila kumjua.

Mama aliongeza kitu. Aliniuliza: "Na wewe ukimwuliza mtoto 'nikuambie mara ngapi?' unataka akutajie hesabu?" Nilinyamaza kama alivyonyamaza yeye pale dirishani. Ni kweli, nasema hivyo kila siku. Binti yangu ana miaka 8, na amenizoea kiasi kwamba akisikia sauti yangu imepanda anatazama chini kabla sijamaliza.

Leo asubuhi amemwaga maziwa mezani. Nimefungua mdomo, na swali lile la zamani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikavuta kiti nikakaa, nikamuuliza: "Imekuwaje?" Akatazama chini. Nikasubiri. Akaniangalia mara moja, akaangalia mlango, akaniangalia tena, anapima kama kujibu ni salama. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, chai yangu ilianza kupoa.

Kisha akasema polepole: "Mama, kikombe hiki kinavuja. Jana pia kilivuja."

Nikakigeuza. Ufa upo, umeanzia chini mpaka kwenye mkono.